Ulimwambia Mungu kwa Sauti

Vaitoka,
14 Desemba 1995

Mpendwa mdogo wangu Tereapii,

Kia orana, maisha marefu katika jina la Bwana wetu, kwako wewe, kwa binti yako Akaiti na kwa mtoto aliyezaliwa. Naamini ndege ilikushusha salama Rarotonga, na ile kubwa ikakuvusha hadi Australia bila misukosuko. Hapa mvua zimeanza. Mashamba ya magimbi yamejaa maji hadi magotini, nami kwa umri wangu naingia humo polepole, kama mtu anayeingia nyumbani kwa mfalme.

Jumapili ya kwanza bila wewe imepita, ila sitasema imepita vizuri. Ilipofika zamu ya upande wetu wa kanisa kuimba, tulikaa kimya kupita kiasi cha adabu, kila mmoja akimtazama mwenzake, mpaka wifi yako Tuaine alipojikaza akaanzisha. Alianza juu mno. Wanaume tulivuma chini peke yetu kama nyuki waliofiwa na malkia, na ubeti wa tatu hatukuufikia. Upande wa pili walitusubiri kwa heshima. Lakini tulipotoka nje, Ngapoko wa upande huo alinijia na kofia yake mpya akasema, "Papa Ngarima, mwambie dada yako asifanye haraka kurudi. Tangu ujana wetu masikio yangu hayajawahi kupata likizo." Nikamjibu, "Likizo gani hiyo, Mama Ngapoko, inayokufanya umuulizie kabla hata ya sisi ndugu zake?" Akacheka, akafungua mwavuli, akaenda zake.

Kuhusu neno lile uliloninong'oneza uwanja wa ndege, wakati wengine wakikuvisha mashada: lingali kwangu. Hapa wote wanajua kwamba umekwenda kumwona mjukuu majira haya ya joto. Nimejiuliza kama ni halali kwa shemasi kuwaacha watu waamini nusu ya habari, nikaona ni halali, kwa kuwa nusu iliyobaki si yangu. Lakini sitakuficha kwamba ni nzito. Nimezoea kubeba mizigo ya watu tukiwa wengi; huu naubeba peke yangu, na kila nikipiga magoti naukuta umenitangulia.

Niandikie habari za mwanao Teokotai. Usipige simu posta. Unajua foleni ya pale ina masikio marefu kuliko waya wenyewe.

Ndimi kaka yako katika Bwana,
Ngarima


Logan,
30 Desemba 1995

Kaka yangu Ngarima,

Barua yako nimeisomea jikoni kwa Akaiti, feni ikinipulizia upepo wa moto. Joto la huku halina bahari ya kulipoza. Mtoto ni mzima. Ana paji la uso la marehemu baba yetu, na hasira zake pia.

Nimemwona Teokotai. Nilivaa kofia ya kanisani, kaka, ile ya kuti changa niliyoisuka mwenyewe, kwa sababu sikujua mtu huvaa nini kwenda gerezani. Mlinzi aliniomba niivue, akaingiza vidole ndani kuipekua, akanirudishia kwa adabu. Mwanangu aliponiona, neno lake la kwanza lilikuwa, "Mama, umekuja na kofia?"

Uliniuliza alichofanya, nami uwanjani sikuwa na muda. Ilikuwa ngumi moja. Mtu alimtolea maneno nje ya baa, naye akampiga ngumi moja, na yule mtu akaanguka kichwa kikagonga ukingo wa barabara. Hakufa, namshukuru Mungu, lakini hatembei tena bila msaada, na ana watoto wadogo. Teokotai hataki kukana. Amemwambia wakili wake, "Nilimpiga. Niseme nini kingine?" Hukumu itatolewa mwishoni mwa Januari.

Nakuomba tena kile nilichokuomba siku ile: neno hili lisitoke kwako. Huku kila anayenitazama anamwona mama wa mfungwa: mlinzi, wakili, hata jirani wa Akaiti anayemwagilia maua. Pamebaki mahali pamoja tu ambapo mimi bado ni Tereapii anayeanzisha wimbo, napo ni kwenye benchi langu la dirishani, upande wetu. Nitunzie mahali hapo.

Dada yako,
Tereapii


Vaitoka,
22 Januari 1996

Mpendwa mdogo wangu,

Nakuandikia nikiwa na furaha ambayo sijaipata tangu ulipoondoka, na naomba barua hii ikufikie kabla ya siku ya hukumu, ili uingie humo mahakamani ukiwa umeshikwa mkono.

Jana ilikuwa zamu yangu kuongoza sala ndefu. Nilikuwa nimejiandaa kuwaombea wagonjwa, mashamba, na meli ya mizigo ambayo imechelewa hata sukari imetoweka dukani. Nilipofumba macho nikamwona Teokotai akiwa mdogo, anakimbia na miguu yenye matope kwenye sakafu ya kanisa, nawe ukimfuata na kitambaa. Nikasikia jina lake likinitoka. Nikamtaja, nikalitaja gereza, nikamtaja yule mtu aliyeumia na watoto wake, nikakutaja wewe unayemlilia ugenini, nikaomba hakimu apewe moyo wa huruma. Sijui niliomba kwa muda gani. Nilipofika mwisho, Amina ikaitikiwa na pande zote mbili.

Wewe unalijua kanisa letu. Tangu babu zetu wa vijiji viwili waliposhindwa kupatana hata juu ya rangi ya ukuta, kila kijiji kikapaka nusu yake na kukata mlango wake, sidhani kama kuta zile zimewahi kusikia Amina moja namna ile. Hata Ngapoko alikuwa akijifuta macho kwa upindo wa gauni.

Basi tulia, mdogo wangu. Mzigo huu huubebi tena peke yako.

Kaka yako mwenye kukupenda,
Ngarima


Logan,
1 Februari 1996

Kaka,

Wamempa miaka minne. Barua yako niliikuta tuliporudi kutoka mahakamani.

Usiniombee tena.

Tereapii


Vaitoka,
12 Februari 1996

Mpendwa Tereapii,

Barua yako ni fupi, nami nimekaa nayo kwa muda mrefu. Miaka minne ya mwanetu inanihuzunisha sana. Nilipoisoma nilitoka nje nikasimama kwenye mvua, na Tuaine akaniita kama anavyowaita watoto. Lakini sentensi yako ya mwisho sikuitegemea, na kwa kuwa naona imetoka katika jeraha, naona ni wajibu wangu kujieleza.

Sikuvunja ahadi. Sikumwambia mke wangu, wala mchungaji, wala mtu yeyote njiani. Nilimwambia Mungu. Mtu anaposema na Mungu, waliosimama karibu naye hawasemeshwi. Wao wanaegemea tu maneno yale, kama watu wanaoegemea ukuta mmoja. Nilipokuwa chuo cha wachungaji tulifundishwa kwamba sala ya kanisa haiwezi kuwa umbea, kwa sababu anayeambiwa alikwisha kujua.

Wala hakuna aliyekusema vibaya. Nimesikiliza kwa makini, dukani, kwenye tanuri za Jumamosi, kwenye mazoezi ya nyimbo. Wanauliza tu utarudi lini. Tiketi yako ni ya tarehe ishirini Machi, na Pasaka ya mwaka huu inakuja mapema. Wewe ndiwe unayejua nyimbo za Ijumaa Kuu kwa moyo. Naomba uniandikie kwa urefu, hata kama ni kwa hasira.

Kaka yako,
Ngarima


Logan,
24 Februari 1996

Kaka,

Umeomba urefu na hasira. Pokea.

Ulimwambia Mungu kwa sauti. Mungu si kiziwi. Kama ni Yeye tu uliyemlenga, ungefunga mdomo wako ukasema naye humo ndani, naye angesikia vilevile. Wewe uliyekwenda chuo, uliyetufundisha sisi wengine juu ya chumba cha ndani na mlango wa kufungwa, ulikiacha wapi chumba chako siku ile? Ulimwambia Mungu mbele ya vijiji viwili. Mbele ya watoto wangu wa darasa la Jumapili. Mbele ya watu wa mlango wa pili, ambao kwa vizazi hatujawaazima hata sindano. Najua utasema walikuwa wamefumba macho. Macho, kaka. Masikio hayana kope.

Unaniandikia kwa furaha kwamba Ngapoko alijifuta machozi. Unadhani hiyo ni habari njema? Maisha yangu yote Ngapoko amenidharau kwa haki, kama mshindani anavyomdharau mshindani. Akisema naimba kama mbuzi aliyemeza kengele, najua siku hiyo nimeimba vizuri. Sasa atanihurumia. Nitaanzisha wimbo, naye atainamisha kichwa kwa upole na kusema moyoni, maskini, acha aimbe. Afadhali anitemee mate.

Nami nikueleze jambo nililokuficha. Tangu hukumu sijaingia kanisani. Watu wetu wako wengi huku. Wanakutana kwenye ukumbi wa shule, wanaimba nyimbo zetu, wanapika majani ya magimbi kwa tui baada ya ibada. Akaiti hunipeleka hadi mlangoni, nami humwambia kichwa kinaniuma, nikabaki kwenye gari na vioo vimefunguliwa. Nasikia wanawake wakipanda na wanaume wakivuma. Ubeti wa pili huwa wanauharibu. Naukunja mkono wangu chini ya pochi nisipige mdundo. Unaelewa? Siwezi tena kuketi mahali ambapo mtu anaweza kufumba macho na kunivua nguo, na wote wakaitikia Amina.

Akaiti amesema chumba hiki ni changu. Tiketi nitaiacha ipotee. Benchi la dirishani mpeni mwenye kulitaka. Kama unayo sababu ya mimi kurudi, isiyo mahubiri, iandike. Moja tu.

Tereapii


Vaitoka,
4 Machi 1996

Mdogo wangu Tereapii,

Sina mahubiri.

Nimeichunguza furaha niliyokuwa nayo siku ile, nikaona haikuwa ya mtu aliyekusaidia. Ilikuwa furaha ya mtu aliyetua mzigo. Nilichoka kukaa na siri yako, nikaitua mgongoni mwako mbele ya watu wote, nikaiita sala. Mungu aliyepokea maneno yale alijua hivyo kabla yangu. Nimekukosea. Sitakuandikia kwamba nia yangu ilikuwa njema, kwa sababu sasa sina hakika nayo.

Nimemwomba mchungaji anipumzishe kuongoza sala. Alishangaa. "Papa Ngarima, unaumwa?" "Naumwa, mchungaji." "Unaumwa nini?" "Mdomo." Akanisogeza dirishani kwenye mwanga akaanza kunitazama meno. Yeye ni kijana, na ni mtu mwema. Sikumweleza zaidi ya hapo.

Umeniomba sababu moja. Ninayo. Tangu Jumapili ile limetokea jambo hapa kisiwani, na lingali likitokea, ambalo kama ningekuandikia leo ungepanda ndege ya kwanza. Lakini jambo hilo si langu. Nikisema ni wangapi, utawahesabu. Nikisema ni wa mlango upi, utawajua kwa majina. Mwezi uliopita ningekuandikia lote, nikaliita faraja. Leo nimekaa na kalamu tangu asubuhi, na Tuaine amepita mara kadhaa kuniuliza kama nimekufa. Nimejifunza kwa kuchelewa kwamba kunyamaza ni kazi, tena ngumu kuliko kuhubiri. Nikinyamaza, huenda nikakupoteza. Nikisema, utakuwa umerudi kwa mtu yuleyule uliyemkimbia.

Kwa hiyo sikuandikii. Nakuomba tu urudi bila sababu.

Benchi la dirishani halijakaliwa na mtu. Wala si mimi niliyewakataza.

Kaka yako,
Ngarima


Logan,
15 Machi 1996

Kaka,

Barua hii imenikasirisha kuliko zote. Nimekuomba sababu moja, ukanitumia bahasha ya hewa. Akaiti alicheka akasema, "Mama, mjomba amekuwa mjanja, anakuvuta kwa udadisi." Nikamwambia, "Humjui mjomba wako. Hajawahi kuwa mjanja kiasi hicho."

Nilimsomea Teokotai siku ya kumtembelea. Pale kwenye meno alicheka mpaka mlinzi akageuka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu nifike. Halafu akaniuliza kwa nini nasema nitabaki. Nikamwambia nabaki kwa ajili yake. Akasema, "Acha hizo, Mama. Unabaki kwa ajili ya aibu. Mimi nimehukumiwa, sawa. Wewe nani kakuhukumu? Ukijifungia huku tutakuwa wafungwa wawili, na ni mimi tu mwenye tarehe ya kutoka."

Nimelia ndani ya basi mpaka mwanamke mgeni akanipa leso.

Nakuja kwa tiketi ileile. Usidhani nimekwisha kukusamehe. Hilo nimelipakia kwenye meli, si kwenye ndege. Usije uwanjani na mashada. Jumapili nitaingia wimbo wa kwanza ukiisha, nitakaa nyuma kabisa karibu na mlango, na sitaanzisha chochote. Usinitazame. Usinitaje.

Tereapii


Vaitoka,
25 Machi 1996

Mwanangu Teokotai,

Nimefika salama. Nyumba ilikuwa na ukungu kwenye kuta na kuku wa jirani ametotoa chini ya kitanda changu, lakini paa limehimili mvua. Mjomba wako alikuja uwanjani bila ua hata moja, mikono imening'inia kama ya mtu aliyesahau alichotumwa. Alibeba sanduku. Njia nzima alisema juu ya magimbi tu.

Nataka kukueleza ya jana, na nikueleze taratibu, kwa sababu mwishoni nina jambo la kukuuliza.

Nilifanya kama nilivyosema. Nilingoja nje chini ya baraza mpaka wimbo wa kwanza ukaisha, nikapita mlango wetu, nikakaa benchi la mwisho nyuma ya wanaume warefu. Mjomba wako, kule mbele kwa mashemasi, alinitazama mara moja tu. Baada ya hapo alitazama viatu vyake ibada nzima, kana kwamba vyenyewe ndivyo vinavyohubiri. Hakuna aliyegeuka. Ndivyo nilivyotambua kwamba wote wanajua nipo. Ingekuwa siku nyingine, watoto kumi wangekwisha kunipungia.

Ikafika zamu yetu kuimba. Mchungaji akaketi. Kimya. Wifi yangu Tuaine akakohoa, akatengeneza kofia, akakohoa tena. Nikajiambia, wataanza, sasa hivi wataanza. Mikono yangu ilikuwa imeshikana kama watu wanaozama.

Basi ng'ambo ya njia ya katikati, Ngapoko akasimama.

Unajua kwetu jambo hilo halifanyiki. Upande wenye zamu ndio unaoimba, mwingine hukaa. Tangu kanisa lijengwe sijasikia mtu wa mlango ule akigusa wimbo wa mlango huu. Yeye alisimama, akatazama darini kama malaika, akaanzisha wimbo wetu. Na aliuanza chini, mwanangu. Chini kama ndoo iliyofika mwisho wa kisima. Hakuna mwanamke angeweza kuufuata, na wanaume wakabaki midomo wazi, kwa sababu chini ya hapo hapakuwa na mahali pa kuvuma. Akauvuta ule mstari wa kwanza, akauvuta, kama mtu anayekokota godoro lililolowa maji.

Mtu anayekuhurumia hukuanzishia vizuri. Nilielewa hapohapo kwamba yule mwanamke hanihurumii hata kidogo. Damu ilinipanda. Sikumbuki nilivyosimama. Niliuchukua wimbo mdomoni mwake kabla hajamaliza mstari, nikaupandisha mahali pake, na wanaume wakaingia chini yangu kwa kishindo, na benchi nililoshika likatetemeka. Tukaimba beti zote. Tulipokaa, Ngapoko alikuwa akijipepea kwa kitabu cha nyimbo, anatazama dirishani kama mtu anayengoja wageni.

Baada ya ibada nilimkuta kwenye banda la kupikia, anakatakata nguruwe wa tanuri. Nikamwambia, "Umeanza chini makusudi."

"Mimi? Nimeanza pale ulipoachia Desemba. Sauti yako ilikuwa imeshashuka."

"Ngapoko, wewe ni mwanamke mbaya."

"Na wewe umenona huko Australia. Nipe kisu kile kikubwa."

Nikampa. Wanawake wengine wakatoka na sinia, tukabaki wawili. Akaendelea kukata, akasema bila kuinua uso, "Mwanangu Tamarua. Yule wa migodini."

"Ndiyo. Hajambo?"

"Hakuna mgodi."

Akakata vipande vingine viwili.

"Yuko ndani kama wako. Perth. Mwaka wa tatu sasa. Siku ile kaka yako alipomtaja Teokotai na gereza, mbele ya Mungu na watu, mimi nililia. Usijione, sikukulilia wewe. Nililia wivu. Wako kaombewa na kanisa zima. Wangu yuko migodini."

Nikauliza, "Ukafanya nini?"

"Mwezi uliofuata nikamwendea Papa Ngarima kule kwenye magimbi. Nikamwambia. Nikamwambia pia, ole wako, ukimtaja hata kwa Mungu, ukimtaja kwa sauti, nitakuzamisha humu kwenye matope na nitasema uliteleza." Akapangusa kisu kwenye aproni. "Na sikuwa wa kwanza. Wakati naenda nilipishana na mtu anatoka huko na macho mekundu. Hatukusalimiana."

Niliketi juu ya debe. Nikakumbuka barua ya mjomba wako, ile niliyoiita bahasha ya hewa. Alikuwa na habari hii mkononi, alijua kwamba ingenirudisha nyumbani, na akaikalia asubuhi nzima bila kuiandika. Huyu mjomba wako ambaye hajawahi kukaa na neno tangu tukiwa watoto.

Nilimwomba Ngapoko ruhusa ya kukuandikia haya. Alifikiri, akasema, "Mwandikie. Mwambie hayuko peke yake. Lakini yeye tu." Kwa hiyo wewe tu, mwanangu.

Jioni mjomba wako alikuja na sahani ya chakula iliyofunikwa kwa jani la mgomba. Akasimama mlangoni. "Umeshajua?" akaniuliza. "Nimejua." "Si mimi niliyesema." "Najua, kaka. Ingia ule." Akaingia. Alikula kidogo sana kwa mtu aliyeleta sahani kubwa namna ile, na mara mbili aliinua mkono kufunika macho, akasema ni moshi wa taa. Taa ya umeme, Teokotai.

Sasa jambo langu. Jumapili inayofuata Pasaka wanawake wataongoza ibada, na mchungaji ameniomba mimi nitoe sala ndefu. Nataka kukutaja. Si kwa kunong'ona, wala si kwa kuzungukazunguka, bali jina lako lote, pamoja na yule mtu uliyemuumiza na watoto wake. Ngapoko ameniambia kwamba nikikutaja wewe, pengine naye atasimama. Pengine, amesema, na nisimharakishe.

Lakini usiku huu, nikiwa nayawaza haya, nimeona jambo lililonifanya nione aibu peke yangu. Nilimkasirikia mjomba wako msimu mzima kwa kuwa hakuniuliza. Wala hakuna aliyekuuliza wewe. Mimi mwenyewe sikukuuliza siku ile niliponong'ona uwanjani. Tulikupokezana, mimi na yeye, kama kapu la njiani, na aibu tuliyogombania ilikuwa ni yako, na jina ni lako.

Kwa hiyo nakuuliza. Andika ndiyo, au andika hapana, nami nitaiheshimu hapana kama nitakavyoifurahia ndiyo. Ndege ya barua hushuka hapa Jumatano. Nitakuwa posta. Na kama jibu lako litakuwa halijafika siku hiyo ya sala, nitaomba kwa ajili ya mashamba na wagonjwa na meli; wewe nitaendelea kukutaja mahali ambapo hakuna anayesikia isipokuwa Yeye. Nitangoja neno lako kwanza, ndipo nifumbe macho.

Mama yako,
Tereapii